Chuma Hakitupwi Mtoni

Skrubu ya pili ilitoka, ikaviringika juu ya kitambaa, na Verna Hruska akaizuia kwa kidole kabla haijadondoka sakafuni. Kibao cha mpini wa bastola, cha pembe ya kulungu, kikabaki kiganjani mwake. Chini yake, kwenye ubavu wa chuma, mchirizi ulikuwa pale pale tulipouacha ukimkodolea macho: mwembamba, umepinda mwishoni kama mkia wa mjusi.

Wewe uliyekosa gazeti la Ijumaa iliyopita, sogea, nafasi ipo. Verna ni fundi wa bastola katika mji wa Holub, Texas, na duka ni lake. Mumewe, Alvin, alikuwa askari wa kaunti. Miaka sita imepita tangu alipopigwa risasi kwenye daraja la Mto Sandy. Kando ya maiti ilikutwa bastola ya kazini, ya plastiki, na Sherifu Royce Tackett akaapa mbele ya mji mzima kwamba ilimkwamia. Ile ya chuma, aliyotengenezewa na mkewe, Alvin hakuwa nayo siku hiyo. Sherifu alieleza kwamba ilimponyoka wakati wa mafuriko yaliyotangulia, ikazama, naye akaona haya kusema nyumbani.

Verna aliamini. Alvin alikuwa mtu wa kupoteza vitu. Aliwahi kupoteza ndama ndani ya zizi lake mwenyewe.

Lakini mchirizi ule hauna pacha duniani. Verna aliuchora kwa bahati mbaya, siku alipokuwa akiinyoosha fremu hiyo kwa tupa, kwa sababu Alvin alisimama mlangoni akamuuliza kama mafundi bastola nao huolewa. Alicheka, tupa ikakimbia. Aliufunika mchirizi kwa vibao vya mpini na hakumwonyesha mtu ila Alvin.

Sasa bastola iliyozama mtoni ilikuwa juu ya meza yake. Imepakwa nikeli. Imechorwa maua ubavuni na fundi wa mbali. Namba zake zimemezwa na nakshi. Ilikuwa bastola ya nyama choma ya Sherifu Tackett mwenyewe.

Kila mwanamume wa Holub anayejiona ni mtu anayo ya aina hiyo. Si ya kazi, si ya mawindo. Ni ya kuvaa Jumapili ya karamu ya parokia ya Mtakatifu Prokopi, nyama ya ng'ombe ikitoka kwenye moshi, wanaume wakizunguka na sahani huku wakichunguliana viunoni. Ya Tackett ndiyo iliyosifiwa kuliko zote. Verna mwenyewe aliwahi kuisifu, sahani ya soseji mkononi, bila kujua anachokitazama.

"Imekushinda?" sauti iliuliza kutoka dukani.

Aliyeuliza alikuwa Nadine Tackett, mke wa Sherifu. Alikuwa ameileta bastola kimya kimya, eti kibao kimoja kimepasuka, na alitaka mumewe akute vipya kesho kwenye karamu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akila andazi la kolache lenye jamu ya plamu, akichunga lisichafue kucha zake. Nywele zake zilipuliziwa dawa mpaka kimbunga kingezikwepa. Meno meupe kupita kiasi, kicheko cha kuazima. Verna alikuwa na neno moja kwa watu wa aina hiyo na kwa bastola za aina hiyo: plastiki.

"Skrubu imeshika kutu," Verna alijibu.

Skrubu haikuwa na kutu hata chembe. Alikuwa anatafuta muda wa kufikiri.

Kengele ya mlango ikalia. Verna akaifunika bastola kwa kitambaa, akapita kwenye pazia linalotenga karakana na duka, na kumkuta binti yake, Lida, ameshaanza kupekua kabati la kioo kama kawaida yake.

Lida alikuwa anaapishwa Jumatatu kuwa askari wa kaunti, kama baba yake. Kaunti humwachia kila askari achague silaha yake mwenyewe, ilimradi iwe ya chapa zilizokubaliwa, na leo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusema amechagua nini. Verna alikuwa amemtengea moja kwenye kabati: ya chuma tupu, nyeusi, nzito, mpini wa mbao. Haikuwa imepigwa hata risasi moja.

Lida aliitoa, akaiweka kaunta. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa nyingine, akailaza kando yake.

Plastiki.

Sasa, msomaji, ukutani mwa duka hilo kulikuwa na kibao kilichosema PLASTIKI NI YA VIJIKO. Watu walitoka kaunti za jirani kuja kupiga nacho picha. Kichwa cha Verna wakati huo kilikuwa mbali, kilikuwa darajani, lakini ulimi wa dharau ni kama jogoo. Hauhitaji kuamshwa.

"Hiyo ndoo umeitoa wapi?"

"Si ndoo, Mama."

"Rangi ya ndoo, mlio wa ndoo. Ukimpiga nayo mwizi kichwani atakushukuru kwa kumwamsha."

Nadine alicheka. Verna hakumtazama.

Lida hakukasirika. Alikuwa na tabia ya kupanga maneno yake kama mtu anayepanga sahani kabatini. Alianza kwa kukubali. Chuma ni kizito, alisema, na uzito huo si wa bure: unameza teke la risasi, mkono unatulia, macho yanarudi kwenye shabaha upesi. Akiwa uwanjani anapiga kwa starehe, angechagua chuma bila kufikiri. Lakini askari hapigi risasi kutwa. Kutwa anabeba. Anakaa garini, anaruka seng'enge, anafukuza ng'ombe wa watu barabarani. Baada ya mwezi nyonga inamlilia. Baada ya mwaka anatembea ameinama kama punda aliyepakiwa mzigo upande mmoja.

"Halafu kuna jasho," aliongeza. "Agosti hii umezifuta hizo chuma zako mara ngapi? Zikiguswa tu zinataka mafuta kama mtoto mchanga."

"Kitu cha maana hutunzwa."

"Mtoto nitazaa siku nyingine, Mama. Leo natafuta bastola."

Verna alisema plastiki ikipigwa inajikunja kama mtu asiye na msimamo. Lida alikubali tena: inajikunja kidogo na kurudi, na ndiyo maana haipasuki. Zilizowahi kupasuka dukani humu, alimkumbusha, ni zile za aluminiamu, madini mepesi yanayotaka sifa za chuma bila kubeba uzito wake. Halafu mtutu wa hii ni chuma, na njia kinapoteleza kile kipande cha juu ni chuma. Plastiki ni nguo tu ya nje.

"Basi ivalishe maiti," Verna alisema.

Neno lilianguka vibaya. Hata Nadine aliacha kutafuna. Kila mmoja mle ndani alimfikiria mtu yule yule, na ndipo kengele ya mlango ilipolia kwa mara ya pili.

Sherifu Royce Tackett alivua kofia kabla ya kuvuka kizingiti. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye watoto humkimbilia na mbwa hawambwekei. Ndiye aliyebeba jeneza la Alvin upande wa kichwani. Ndiye aliyemtafutia Lida kazi.

"Nasikia siku hizi mke wangu ndiye anayetembea na bastola yangu," alisema.

Nadine alilalamika kwamba ameharibiwa mshangao aliouandaa. Sherifu alimbusu kipajini, akasema mambo hayafichiki Holub, hata fundi saa anajua nani amepika nini. Alikuwa anaongea na mkewe, lakini macho yake yalikuwa kwenye pazia la karakana.

"Imeisha, shemeji?"

"Bado," Verna alisema. "Kibao kimoja nimekitoa. Cha pili hakijakaa sawa. Kesho kabla ya misa."

"Naweza kuivaa hivyo hivyo."

"Royce," Nadine alisema, "mshangao umeshauua. Niachie basi hata zawadi."

Alisema kwa kudeka, na mtu anayempinga mke anayedeka mbele ya watu lazima awe na sababu ya kuieleza. Sherifu akatabasamu. Kesho basi. Kazi ya Verna haiharakishwi.

Verna alisogea, akasimama mbele ya pazia. 

Sherifu akageukia kaunta, akaziona bastola mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Akaishika ile ya chuma kwa heshima, kama mtu anayeshikishwa mtoto wa jirani. Ile ya plastiki aliisukuma kwa ncha ya kidole.

"Mwanangu Lida, hizi ni kama meno ya bandia. Yanatafuna, sikatai. Lakini hakuna anayemrithisha mjukuu."

"Mimi natafuta ya kutafuna, Sherifu."

Akacheka. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ile aliyoitumia makaburini.

"Baba yako naye alidhani inatafuna. Ilimkwamia siku moja tu, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yenyewe."

Maneno hayo Verna alikuwa ameyasikia kila mwaka. Yalimtuliza. Yalimpa kitu cha kuchukia ambacho hakiwezi kujibu. Ni kwa ajili ya maneno hayo alikitundika kile kibao ukutani. Leo aliyasikia kama alivyosikia siku zote, neno kwa neno, hata pumzi ya katikati haikubadilika, na ndipo akatambua kwamba anasikiliza kitu kilichokaririwa.

"Hiyo unayoisukuma ndiyo yenyewe," Lida alisema.

Kidole cha Sherifu kikasimama.

"Ndiyo ya baba. Mliturudishia kwenye mfuko, Mama akautupa stoo ndani ya pipa la chakula cha kuku. Niliitoa wakati wa baridi."

Verna alitamani kumziba mdomo. Ni kweli aliitupa pipani. Yeye anayefungua kila kilichofungwa kwa skrubu, yeye asiyeamini hata saa ya ukutani mpaka aione matumbo yake, hakuwahi kuigusa bastola aliyoambiwa ilimuua mumewe. Hakuikagua kwa sababu aliidharau. Mtu hakagui kijiko.

Lida aliendelea, kwa ule utulivu wake wa kupanga sahani. Ameipiga majira yote ya joto kule machimboni. Ameipiga ikiwa safi, ameipiga ikiwa chafu. Aliitumbukiza matopeni makusudi, akaiosha kwa mpira wa bustani, ikapiga. Aliisahau kwenye gari lililofungwa siku ambayo usukani haukushikika kwa joto, ikapiga.

"Haijakwama hata mara moja, Sherifu. Nilitaka ikwame. Nilikaa naijaribu nikilia, nikitaka ikwame. Sasa mtu anieleze ilimkwamiaje baba."

Tackett aligeuka. Alimtazama Verna.

Na hapo, msomaji, mwanamke huyo alijua anachotakiwa kufanya. Alitakiwa awe Verna yule yule wa siku zote. Tusi moja tu la plastiki, na mtu huyu angetoka mlangoni akiwa ametulia, angekwenda kulala, na kesho bastola ingekuwa mikononi mwa wapelelezi wa jimbo badala ya kiunoni mwake.

"Kitu cha kiwandani," Verna alisema, akaikunja midomo. "Ni kama mbwa koko. Atakulambalamba mwaka mzima, siku ya mwizi yuko uvunguni."

Alilisema vizuri. Sherifu alitikisa kichwa kwa kukubali, mabega yake yakashuka.

Lida alimtazama mama yake, na Verna aliona kitu kikizima usoni mwa mtoto. Alikuwa amekuja na neno zito kuliko yote aliyowahi kubeba, na amejibiwa kwa mzaha wa mbwa.

"Sawa," Lida alisema. "Umeshinda. Nipe chuma."

Akaichukua ile nyeusi, akaitia kwenye ala, akaanza kuifunga kiunoni.

"Huyo sasa ndiye mtu," Tackett alisema. "Halafu Jumatatu ni mbali. Vijana wangu wako kanisani sasa hivi, wanageuza nyama. Twende ukawasalimie ukiwa umevaa. Wakuzoee."

Ilikuwa mwaliko wa kawaida. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu tangu asubuhi: akina mama na maandazi yao, wazee na bia zao, askari wote wa kaunti wamezunguka majiko ya moshi wakibishana kuhusu kuni. Hakuna mahali Holub palipokuwa na macho mengi kuliko pale. Hata hivyo Verna alijaribu. Alisema anahitaji msaada karakanani. Lida alimjibu, bila kumtazama, kwamba kwa leo amesaidia vya kutosha.

Mkanda ulikuwa haujakaa. Ala ilikuwa mpya, bastola mpya, chuma kimekaza. Lida alijaribu kuichomoa, ikashika. Akajaribu tena, ikatoka kwa taabu, na mkono ukainama kwa uzito ambao haukuuzoea.

Verna aliona. Aliona mkono wa mwanawe ukitafuta kitu ambacho hakikuwa pale. Mkono ule ulikuwa umefundishwa kwa majira yote ya joto na bastola nyingine, ya bei nafuu, isiyo na nakshi, iliyotolewa kwenye pipa la kuku. Alifikiria gari la Sherifu, na kiti cha mbele, na mtoto wake amekaa juu yake na kitu kizuri asichokijua.

"Iache hiyo," alisema.

Lida akageuka.

"Huko kuna moshi na chumvi na mikono ya mafuta. Utaniharibia chuma kipya kabla hakijaandikishwa. Vaa ndoo yako."

Alizunguka kaunta, akamfungua mkanda mwenyewe. Alitoa ile nyeusi, akaweka ile ya Alvin, akaukaza. Ilikaa kiunoni mwa Lida kama kitasa kwenye mlango wake. Akampigapiga begani mara moja, kwa ukali, kama anavyompigapiga farasi.

"Haya, nenda."

Lilikuwa kosa. Alilijua kabla hajauondoa mkono.

Maana kuna mahali pamoja tu katika Holub ambapo hakuna mtu, hata maskini, hata mlevi, anayevaa plastiki, na hapo ni kwenye nyama choma. Asiye na chuma huazima. Kuna watu wameazima dukani kwa Verna mwenyewe, na yeye ndiye aliyewacheka waliofika bila. Moshi haukuwahi kumzuia mtu. Chumvi haikuwahi kumzuia mtu. Sherifu Tackett, aliyekuwa amezaliwa mtaa wa tatu kutoka pale, alijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Verna Hruska," alisema polepole, "anampeleka mwanawe karamuni na plastiki."

"Ni jikoni tu. Karamu ni kesho."

"Ni kweli. Ni kesho."

Alivaa kofia. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya kile kibao cha ukutani, PLASTIKI NI YA VIJIKO, akakisoma neno kwa neno, kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Kisha akamfungulia Lida mlango, akamwacha atangulie, kwa adabu zake zote.

Nadine alisema anatafuta mkoba wake, wamngoje kidogo.

Mkoba ulikuwa mapajani pake.

Mlango ulipofungwa, kicheko cha kuazima kilikuwa kimekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Aliinuka, akapita pazia bila kuomba ruhusa, akafunua kitambaa kwenye meza ya kazi, akaitazama fremu ya nikeli iliyovuliwa kibao upande mmoja.

"Uliposema skrubu ina kutu nikajua umeuona," alisema.

"Nimeona nini, Bibi Tackett?"

"Ninyi mafundi mnauitaje sijui. Mimi nauita mchirizi, niliuona kibao kilipopasuka." Alikichukua kile kibao kilichopasuka, akakigeuza. "Pembe ya kulungu haijipasui, Verna. Niliipiga kwa nyundo ya kulainishia nyama. Nilihitaji sababu ya kukuletea."

Verna alikaa juu ya kigoda. 

"Umejua tangu lini?"

"Kujua ni neno kubwa. Nimeshuku tangu alipoipeleka kuchorwa maua. Alikuwa hapendi maua."

"Na ukakaa kimya."

"Ningemwambia nani? Sherifu?"

Hakuwa anatania. Verna alitafuta dharau yake ya zamani juu ya mwanamke huyu, akaikosa mahali alipozoea kuiweka.

Nadine alizungumza kwa haraka, macho yakiwa mlangoni. Kilichomsumbua hakikuwa bastola ilitoka wapi. Kilichomsumbua ni kwa nini ipo. Daraja lilikuwa pale na maji yalikuwa pale. Kila Jumamosi humtazama mumewe akiifuta kwa kitambaa cha hariri, akiinua juu kwenye mwanga, akiipulizia.

"Ingekuwa ya plastiki angeitupa bila hata kugeuka," alisema. "Lakini umetengeneza kitu kizuri mno. Wanaume hawa, roho ya mtu wataizamisha. Chuma hakitupwi mtoni."

Akafungua mkoba. Kutoka ndani ya leso akatoa kipande cha mbao ya mjozi, kimelainika kwa kushikwa, kimechimbwa jani dogo la mwaloni pembeni. Verna hakuhitaji kukigusa. Ndicho kibao cha mpini alichomchongea Alvin. Shimo dogo la ukingoni lilikuwa la kidole gumba cha Alvin, alichokuwa akikisuguasugua hapo akifikiri.

"Vilikuwa viwili," Nadine alisema. "Ndani ya kisanduku chake cha ndoana. Nilichukua kimoja juzi, nikamwachia kingine ili asishtuke akifungua."

"Basi tunacho cha kuwaonyesha watu wa jimbo. Na kile kingine watakikuta."

Nadine alitikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza nywele zake zilisogea.

"Leo asubuhi nilipokuwa natoka nilichungulia. Kisanduku ni kitupu."

Verna alilipokea neno hilo polepole, kama anavyopokea kila kitu, akalipima, akaligeuza. Kama kisanduku kilikuwa kitupu asubuhi, basi Royce Tackett alijua kabla hajavua kofia mlangoni. Alijua kabla Lida hajafungua mdomo. Hakuja kuchukua bastola. Ndiyo maana aliiacha kwa urahisi.

Nje, mlango wa gari ulifungwa. Kisha wa pili.

Verna alikimbilia dirishani, kigoda kikaanguka nyuma yake. Kushoto, juu ya miti, moshi wa kanisa ulikuwa unapanda mnyoofu, na vicheko vya watu vilisikika mpaka pale. Gari la Sherifu lilirudi nyuma kwa upole, likajipanga barabarani, likawasha taa ya kugeuka.

Ya kulia. Kulia hakuna kanisa. Kulia kuna mto.

Mezani, skrubu mbili zilibaki juu ya kitambaa, na kazi iliyoahidiwa kesho kabla ya misa.